Mwalimu na Mtego wa Wema

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Julius Kambarage Nyerere katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1999, sisi tulio ughaibuni hukusanyika, tukala pilau, tukasikiliza kanda za hotuba zake, na kabla sahani hazijaoshwa tunakuwa tumeshagawanyika. Upande mmja husema alikuwa mtakatifu. Upande wa pili, na hasa wenzetu wenye asili ya Unguja na Pemba walioko Muscat na Dubai, hukumbusha waliowekwa kizuizini na waliopotea. Wa kwanza hutaja usafi wa mikono yake, wa pili hutaja maumivu ya jamaa zao, na kila mmoja hurudi nyumbani na alilokuja nalo.

Katika makala haya hatutaki kuamua ugomvi huo. Tunataka kuuliza swali ambalo pande zote mbili hulipita: inakuwaje kiongozi mwema, asiyeiba, asiyejilimbikizia mali, afike mahali ambapo wema wake wenyewe unakuwa mzigo kwa watu wake? Na akishafika huko, anajitambuaje, na anafanya nini? Swali hili si la Ikulu peke yake. Linatuhusu hata sisi tunaoongoza vyama vya kuzikana, kamati za madrasa, vikundi vya kanisa na jumuiya za Watanzania na Wakenya huku ugenini.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Kiburi tunakijua wote. Mwenye kiburi hutaka asifiwe, hutaka gari refu na kiti cha mbele, na watu humtambua kwa mbali. Kujihesabia haki ni maradhi mengine. Mwenye nayo huweza kulala kwenye nyumba ya kawaida na kula ugali na maharage. Hatafuti sifa. Ana hakika tu kwamba anachokitaka ni kwa faida ya watu, na kwa hiyo anayempinga ama ni mjinga, ama ni mbinafsi, ama ametumwa. Kiburi hutibiwa kwa aibu, lakini huyu wa pili hana cha kumwonea aibu, kwa sababu kila akijitazama anaona mtu aliyejitolea.

Tuanze na mwaka 1966. Serikali ilikuwa imepitisha mpango wa kuwalazimisha wahitimu wa vyuo na shule za juu kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wakatwe asilimia 60 ya mishahara yao. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine vya Dar es Salaam wakaandamana kwenda Ikulu. Mojawapo ya mabango yao lilisema kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha hasira ikampanda. Aliwaambia kuwa kama tatizo ni mishahara mikubwa basi wamesema kweli, na hapo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha akawafukuza wanafunzi karibu 400 warudi makwao.

Tukisimulia kisa hiki huwa tunapiga makofi kwenye ile asilimia 20, na tuna haki ya kupiga. Ni marais wangapi waliojikata mshahara mbele ya vijana wanaowapigia kelele? Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko ya viongozi. Lakini tazameni jinsi mambo hayo mawili yalivyofungwa pamoja. Mtu anajitoza, na papo hapo anapata haki ya kuadhibu. Kujinyima kwake kunakuwa hoja inayomaliza mjadala. Kama mimi nimejikata, wewe ni nani hata ulalamike? Swali la wanafunzi, hata likiwa la ubinafsi, halikujibiwa. Lilizimwa kwa mfano mwema. Wengi wao waliruhusiwa kurejea masomoni mwaka uliofuata, lakini somo lilikuwa limeshaeleweka.

Hiyo ndiyo dalili ya kwanza tunayoweza kuitambua: kiongozi anapoanza kuutumia usafi wake kama jibu la hoja.

Dalili ya pili tunaiona Ruvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji Litowa, karibu na Songea, wakalima pamoja, wakagawana mavuno na kufanya maamuzi yao katika mikutano yao wenyewe. Vijiji vingine vikafuata, hata vikafika 17 hivi chini ya Ruvuma Development Association. Walikuwa na shule yao Litowa iliyofundisha watoto maisha ya kijiji chao. Mwalimu aliwapenda, akawasifu, na katika maandishi yake ya ujamaa vijijini harufu ya Litowa inasikika. Hawa ndio watu waliofanya kwa hiari yao kile ambacho yeye alikuwa akikihubiri.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja jumuiya hiyo. Kuanzia hapo ujamaa ungejengwa na chama, kwa amri kutoka juu. Mali za jumuiya zikachukuliwa, na washauri wake wa kigeni wakaondoka. Kosa la watu wa Ruvuma halikuwa kuukataa ujamaa. Kosa lao lilikuwa kuumiliki. Walikuwa na tabia ya kuwauliza maswali maofisa wa mkoa na kuwakatalia pale walipoona hapafai, na hili halikuvumilika. Mwalimu hakuwa peke yake kwenye uamuzi huo, na wapo wanaosema alizidiwa na wajumbe wenzake. Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na aliukubali. Basi dalili ya pili ni hii: jambo jema likifanywa na wengine bila idhini yake, kiongozi, au wale wanaomzunguka, huliona kuwa ni hatari.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1968, Mwalimu alikuwa ameandika kijitabu *Uhuru na Maendeleo*. Humo alieleza kwa ufasaha kwamba watu hawawezi kuendelezwa kwa kulazimishwa, kwamba hujiendeleza wenyewe, na kwamba kuingia katika vijiji vya ujamaa lazima kuwe kwa kushawishiwa. Tunakitaja kijitabu hiki kwa sababu hakuna mkosoaji aliyempinga Nyerere vizuri kuliko Nyerere mwenyewe. Alijua. Basi ilikuwaje?

Tarehe 6 Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Katika hotuba ya redio ya kipindi hicho aliorodhesha yote ambayo serikali ya TANU ilikuwa imewafanyia wananchi: kodi ya kichwa imefutwa, karo ya shule za msingi imefutwa, maji yamepelekwa, zahanati zimejengwa. Kisha akauliza wao wamefanya nini kulipa. Jibu lake lilikuwa kwamba hawajafanya lolote la maana.

Hapa tusimame kidogo. Yote aliyoyataja yalikuwa kweli. Zahanati zilikuwepo, visima vilikuwepo, na wapo kati yetu tunaosoma makala haya leo kwa sababu ya shule zile. Lakini kiongozi anapoanza kuwahesabia watu fadhila, uhusiano wao unageuka. Huduma iliyokuwa haki inakuwa deni, na mwenye deni hana sauti. Wahenga walisema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Mwalimu alingoja shukrani, na alipoona haiji akaamuru. Hii ni dalili ya tatu, na huenda ndiyo iliyogharimu zaidi.

Serikali ilisema kuwa kufikia 1977 watu zaidi ya milioni 13 walikuwa katika vijiji vilivyoandikishwa. Wengine walihama kwa hiari, wengine walikuwa tayari wanaishi pamoja. Lakini sehemu nyingi watu walipakiwa kwenye malori ya jeshi na ya serikali, wakashushwa penye kibao tu, na nyumba walizoziacha zikachomwa moto au kubomolewa wasije wakarudi. Mashamba yakawa mbali, mazao ya kudumu kama migomba na mikorosho yakaachwa. Ukame wa 1973 na 1974 ulichangia sana katika njaa iliyofuata, na si haki kuitupia Operesheni Vijiji lawama yote. Lakini si haki pia kuusingizia ukame peke yake.

Tusidhani kwamba maradhi haya hukaa kwa mkubwa tu. Huteremka. Mkuu akiamini kwamba anayepinga ni adui wa wema, walio chini yake huamini hivyo mara kumi, kwani wao hawana hata ile busara yake. Isimani, mkoani Iringa, kulikuwa na wakulima hodari wa mahindi waliofungua mapori kwa jasho lao. Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alikuwa msomi na mwenye bidii kubwa ya kuanzisha vijiji. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, alimkuta mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake. Wakabishana, na Mwamwindi akaenda kuchukua bunduki na kumpiga risasi. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la mkuu huyo, akaliendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Alihukumiwa kifo na kunyongwa. Familia mbili zikabaki na msiba. Hatusimulii haya ili kuhalalisha mauaji, la hasha. Tunasimulia kwa sababu hapakuwa tena na mahali pengine pa ugomvi ule kwenda. Mkulima hakuwa na baraza la kulilalamikia likasikia, na mkuu hakuwa na ruhusa ya kushindwa.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo, Februari 1971, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, ambao katika kifungu chake cha 15 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, kudharau watu na kuwaonea. Sijui kama kuna chama kingine Afrika kilichoandika jambo hilo waziwazi namna hiyo. Wafanyakazi viwandani wakakishika kifungu hicho, wakawakabili nacho mameneja wao, na kati ya 1971 na 1973 migomo ikawa mingi. Mwanzoni walisikilizwa, baadaye wengi walifukuzwa kazi. Machi 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana tena. Safari hii hawakudai mishahara yao. Walilalamikia nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, yaani walisema yale waliyofundishwa na Azimio lenyewe. Nao wakafukuzwa. Ukiweka 1966 na 1978 pamoja utaona kwamba kilichoadhibiwa hakikuwa ubinafsi wa wasomi. Mara ya kwanza walisema jambo baya, mara ya pili walisema jambo zuri, na malipo yakawa yale yale.

Wenzetu wa Zanzibar watasema tumekawia kufika kwao, na ni kweli. Mwaka 1969 Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff walikabidhiwa kwa serikali ya Mapinduzi kutoka bara, na huko Unguja wakauawa. Hili ni jeraha, na halifungwi kwa kusema kwamba Mwalimu alikuwa na nia njema na Muungano. Alipouawa Mzee Abeid Karume tarehe 7 Aprili 1972, Abdulrahman Babu na wenzake walikamatwa bara, na Zanzibar ikawahukumu kifo baadhi yao bila wao kuwepo mahakamani. Safari hii Mwalimu hakuwakabidhi. Lakini pia hakuwaachia. Babu alikaa kizuizini hadi 1978, kisha akaishi ughaibuni kama sisi, akafariki London mwaka 1996. Tunaweza kusema kwamba kati ya 1969 na 1972 kiongozi alijifunza jambo. Tunaweza pia kusema kwamba alijifunza nusu.

Sasa tugeukie upande wa pili wa swali letu: kiongozi afanyeje?

Mwaka 1976 watu waliokuwa wakishikiliwa huko Shinyanga na Mwanza kwa tuhuma za mauaji waliteswa na vyombo vya dola, baadhi wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, hakuwa ameamuru lolote. Angeweza kusema mikono yake ni safi, na angesema kweli. Mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu. Huyu alielewa kwamba usafi wa moyo wake si hoja mbele ya maiti wa watu aliopewa kuwalinda. Kwa bahati mbaya jambo hilo limekuwa nadra kwetu hata leo linasimuliwa kama muujiza. Na tukumbuke kwamba kujiuzulu hakukummaliza: 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Muungano.

Mwalimu naye, na hapa ndipo tunapomwona akiwa mkubwa kuliko wapambe wake, alianza kujihesabu upya. Mwaka 1977, ilipotimu miaka kumi ya Azimio, aliandika tathmini ambayo ndani yake alisema bila kuficha kwamba Tanzania si nchi ya ujamaa wala haijitegemei. Desemba 1979 bado alikuwa hasikii: waziri wake wa fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana naye kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Lakini kufikia 1984 alikiri katika mahojiano kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa, zilizovunjwa mwaka 1972, wala vyama vikuu vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976. Alisema walikuwa na papara na ujinga. Na hakuishia kusema. Sheria za kuvirudisha vyote viwili zilipitishwa mwaka 1982, yeye akiwa bado Rais.

Tuangalie alichokitaja. Hakusema alikosea katika bei ya pamba au kiwango cha shilingi. Alitaja vyombo viwili ambavyo wananchi walivitumia kusema hapana. Tunaona hapo kwamba aliufikia mzizi. Wema wa kiongozi hauna kinga nyingine isipokuwa watu wengine wenye uwezo wa kumzuia, na yeye alikuwa amewaondoa kwa mkono wake.

Mwaka 1985 akang'atuka, neno la Kizanaki ambalo alilifanya kuwa la Kiswahili chetu sote. Mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa chama, na mwaka huo huo akafungua yeye mwenyewe mjadala wa vyama vingi, akiwaambia wanachama kwamba kuujadili si uhaini. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi, Mwalimu akaunga mkono, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mtu aliyewahi kuona upinzani kuwa ni anasa alisimama upande wa asilimia 20. Tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 zinazokandamiza, ikiwemo ile ya kuweka watu kizuizini bila kesi ya mwaka 1962, iliyotungwa na serikali yake.

Je, hiyo inatosha? Kwa mama ambaye nyumba yake ilichomwa, kukiri kwa 1984 kulikuja miaka kumi baadaye, na kulisemwa kwa Kiingereza kwa watu wa mbali. Kwa ukoo wa Hanga hakukuja kabisa. Kukiri kosa la sera ni rahisi kuliko kumtazama mtu uliyemuumiza machoni, na hili la pili Mwalimu aliliacha bila kulimaliza. Tangu 2005 Kanisa Katoliki, jimbo la Musoma, limeanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Wanaomwombea wana haki yao. Sisi tungeomba tu kwamba faili hilo liwe na Isimani na Litowa ndani yake, kwani mtakatifu asiyekosea hamfundishi mtu yeyote jinsi ya kutubu.

Turudi kwetu. Vyama vyetu huku ugenini havina jeshi wala malori, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tunawajua viongozi wetu. Wengi ni watu wema kupindukia. Wanapokea maiti uwanja wa ndege saa nane za usiku, wanatoa nauli mfukoni mwao, wanakosa kazi kwenda mahakamani kumtafsiria mgeni asiyejua lugha. Kisha siku mwanachama akiuliza hesabu ya michango, jibu linakuwa: mimi niliyejitolea miaka kumi na miwili, leo naitwa mwizi? Hakuna aliyemwita mwizi. Aliulizwa hesabu. Lakini ukumbi mzima unamgeukia muulizaji, na mwaka unaofuata muulizaji haji, na chama kinabaki na mwenyekiti mmoja hadi azikwe na chama chake mwenyewe.

Kwa hiyo tunayaona mambo haya kuwa ya lazima. Hesabu isomwe kila mkutano bila kuombwa, ili kuuliza kusiwe shutuma. Kipindi cha uongozi kiwe na mwisho ulioandikwa, kwa sababu aliye mwema ndiye ambaye hatutathubutu kumwambia muda umetosha. Wanachama wakianzisha jambo zuri bila kamati, kamati ilisaidie isilitwae. Na kiongozi anayejikuta akiorodhesha aliyowafanyia watu, kabla ya kujibu walichomuuliza, anyamaze hapo hapo na aanze na swali.

Tulilelewa kwa methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, tumeziona hizo guu. Lakini historia yetu imeongeza jambo ambalo wahenga hawakulitungia methali: mkuu asiposikia la wadogo, yeye mara nyingi hubaki mzima, na miguu inayovunjika ni ya wengine.